Hesabu za Mzee Ninayemwogesha

Mdogo wangu Shija,

Marahaba. Najua shikamoo hujanipa, ila nimeipokea hivyo hivyo tusipotezeane muda. Mimi mzima, baridi tu ya huku Uholanzi inanitafuna magoti. Mama kifua chake kimepoa? Baba amerudi porini kutundika mizinga?

Sasa wewe. Neema amenipigia simu analia. Ati umemwambia mkeo wa ndoa hutaki mtoto, kwa sababu binadamu tunakaribia kwisha! Amefungasha, yuko kwao Usinge. Kosa la kwanza ni langu, niliyekutumia ile video ya mzee akieleza hesabu zake, nikijigamba kwamba mzee ninayemhudumia ni profesa. Sikujua naituma kwa zuzu.

Hesabu yake naijua, hunihubiria kila nikimwogesha. Wapange watu wote kwenye foleni moja, waliozaliwa na watakaozaliwa. Haielekei sisi tuwe tumeangukia mwanzoni kabisa, kwa hiyo mkia wa foleni hauko mbali. Basi! Ndiyo hiyo tu iliyokuhamisha kitanda cha mkeo.

Juzi nikamuuliza, "Babu, wapagazi wa zamani waliopita kwetu Tabora na pembe za ndovu mabegani, wangepiga hesabu hii wangepata nini?"

"Kwamba mwisho u karibu."

"Na wangekosea?"

"Wangekosea."

"Na wewe je?"

Akaomba chai.

Shija, hesabu za darasa la saba nilikufanyia mimi, leo umekuwa mpiga ramli wa ulimwengu? Baba hutundika mizinga asijue nyuki wataingia mingapi. Angekuwa na akili zako tungekula nini? Sema tu unaogopa kulea. Woga ningekusamehe. Kujificha nyuma ya mahesabu ya mzee wa watu ni upuuzi, na unaniaibisha.

Na huyo mwalimu wako, jana binti yake kajifungua. Mzee alilia mpaka miwani ikaloa, kisha akanituma dukani nikamnunulie mjukuu viatu vya kutembelea. Vya mwaka ujao, Shija! Nikamuuliza, na foleni je? Akasema nichague vyekundu.

Nisalimie Mama na Baba, pacha wangu Kulwa, na shangazi wa Chemchem aliyeshona gauni la harusi yenu.

Wazee wa Neema wanakaa kikao Jumapili baada ya ibada, kuamua kama anarudi kwako au harudi. Usipokuwa umefika Usinge kumwomba radhi, uwezekano wa wewe kubaki bila mke nimeupigia hesabu mwenyewe. Ni mia kwa mia, na mimi sitakulilia.

Dada yako, mwenye hasira na wewe mpaka Jumapili,
Doto