Kufuli Lako Bado Liko Ukutani

Mpendwa mwanangu Jenista,

Marahaba, nimeitikia hata kabla hujaniamkia. Sisi wa hapa Keza tupo. Bibi yako hajambo, ni magoti tu. Kaka yako Deo hajambo, mkewe hajambo, wameshavuna maharage. Hata mbuzi wako amezaa. Na mimi nipo mwanangu, nipo tu.

Lile kufuli lako jekundu bado linaning'inia kwenye swichi kubwa, pamoja na kadi yenye picha yako. Unakumbuka siku ile ya Pasaka? Ulikuta panya wametafuna waya wa jikoni, ukashusha swichi, ukaifunga, ufunguo ukautia mfukoni. Nikakucheka, nikakuuliza kwani umeme ni kuku hadi ufungiwe. Wewe hukucheka. Ulinieleza kwamba huko kwenye kituo chenu cha umeme swichi zimetengenezwa zikiwa na matundu ya makufuli, mafundi watatu wakiingia kazini yanakaa makufuli matatu, na hata mkubwa wenu haruhusiwi kufungua la mtu. Ukasema, "Mama, ukiona kufuli langu liko pale, ujue mikono yangu bado iko kwenye nyaya."

Mara simu ya kazini ikaita, ukaondoka mbio kabla hujamaliza. Ufunguo ukaenda nao.

Deo anataka kulikata kwa msumeno. Eti, "Mama, unakaa gizani kwa kuliheshimu kufuli?" Nimemkatalia. Simu naichaji kwa jirani, kibatari kinanitosha. Nikipita pale naisalimia picha yako, halafu naona haya peke yangu.

Sasa jana kijana wa bodaboda aliyetoka Biharamulo alisema fundi mmoja wa kituo chenu amepigwa na umeme. Mtu aliwasha swichi mwenzake akiwa bado ndani. Jina hakulijua. Nimekupigia mpaka chaji ikaisha, hupatikani. Na tangu jana nawaza jambo moja tu: siku hiyo kufuli lako lilikuwa wapi? Ulikuwa na jingine, au lilikuwa hilo moja, na ndilo uliloniachia mimi kwa ajili ya waya wa jikoni?

Barua hii nampa kijana huyo huyo, anarudi huko kesho. Nijibu upesi, hata neno moja, umpe yeye. Ila ufunguo usimpe. Ufunguo uje nao mwenyewe.

Ni mimi mama yako, niliyekaa karibu na swichi.