Betri Isiyojaa

Jumatatu, 7 Aprili 1997
Nimerudi kutoka shamba la zabibu, jua limeshazama. Taa ya sola nyekundu tena. Betri tupu. Nimekaza nyaya, nimekwangua ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri. Wapi. Redio yetu ilitolewa kwenye gari bovu, haitumii mawe ya tochi. Bila betri ni sanduku tu.

Kaka Yona amelazwa Dar, mwezi wa pili sasa. Simu hatuna. Mkewe alituma neno: likitokea la kutokea, mtasikia kwenye matangazo ya jioni. Na sola yenyewe aliileta Yona. Siku hizi Kariakoo kila kitu kipo, alisema, kwa nini mama aumize macho na kibatari? Sasa inanitesa mimi.

Jumatano, 9 Aprili
Nimeongeza maji ya betri. Nyekundu.

Mama anamkaushia Yona mlenda. Chakula cha hospitali hakimshuki, ameagiza cha nyumbani. Mama hana habari nyingine. Mimi na betri, yeye na mlenda wake.

Nimemwomba jirani, Mzee Chilewa, atusikilizie kwenye redio yake. Amekubali. Ila saa ya matangazo mzee huwa kilabuni, na akiwa huko hata jina lake mwenyewe halisikii.

Ijumaa, 11 Aprili
Shambani wanasema mnunuzi mpya wa shamba atapunguza watu. Apunguze.

Nimewahi kurudi kabla ya giza, nikakagua kioo cha sola. Tembe letu ni fupi, kioo kimelazwa juu ya udongo wa paa. Nilitegemea vumbi. Hakuna. Kisafi kuliko sahani zetu. Nimekasirika, maana vumbi ningelifuta yakaisha.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimebeba betri kwa baiskeli mpaka mjini. Mgao, umeme hakuna, fundi hawezi kuchaji. Ameipima tu. Anasema betri nzima, ina njaa. Njaa, Dodoma hii, kwa jua hili! Nimerudi jioni nikabadilisha waya wote unaoshuka kutoka juu. Mgongo unauma.

Jumapili, 13 Aprili
Kijani! Tumetoka kanisani, mama amejipumzisha, Jumapili hagusi kazi. Mimi nimekaa naangalia ile taa mpaka macho yakauma. Jioni redio imeongea. Tumesikiliza vifo vyote, vya Tabora, vya Lindi, vya Moshi. Yona hayumo. Mama amepiga magoti. Nimefurahia misiba ya wenzangu, Mungu anisamehe.

Ulikuwa waya.

Jumatatu, 14 Aprili
Nyekundu. Haukuwa waya.

Jumanne, 15 Aprili
Nyekundu. Nimemfokea mama bure, aliniuliza tu kama nitakula. Naona aibu. Nimechoka na hiki kidude, nimechoka kungoja habari ambayo siitaki.

Jumatano, 16 Aprili
Mahelela, dereva wa trekta, aliingia stoo asubuhi akashtuka kunikuta. Jana hakuwepo kazini. Akasema, "Pole na msiba. Nilijua mko Dar. Juzi jioni redioni walikutaja kwa jina, wewe na mama."

Yona amefariki Jumatatu. Tangazo lilituita twende, watatungoja mpaka leo asubuhi ndipo wazike. Basi la jana lingetufikisha. Nilipoambiwa haya, ilikuwa saa nne na nusu. Wameshazika.

Nikapanda baiskeli. Siku ya kazi sijawahi kuwa nyumbani mchana. Nilimkuta mama amesimama juu ya kigoda, mikono iko paani, anageuza mlenda. Ametandaza majani juu ya kioo, kioo kizima, hakuna pa kupita jua.

Alifurahi kuniona. Akaniambia kioo hiki kinakausha upesi kuliko udongo, na jioni hukifuta vizuri nisije nikakuta uchafu. Kazi yote hiyo kila siku, isipokuwa Jumapili. "Kesho umpelekee kwa basi, mwanangu. Umekauka vizuri."

Nikaelewa yote. Nikamshika mkono, nikamshusha kwanza. Halafu nikamwambia habari ya Yona. Hiyo tu. Amelia kwa Kigogo mpaka sauti ikakauka. Mlenda nimeuanua mwenyewe.

Ijumaa, 18 Aprili
Watu wamejaa uani. Mzee Chilewa amekuja, hanitazami usoni. Simlaumu. Kijani tangu jana.

Jumapili, 27 Aprili
Tumeanua matanga jana. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Jioni nimewasha redio kwa sauti ya chini, mama akaja kukaa karibu. Matangazo yalipokwisha akaniuliza ile betri ilikuwa na nini. Nikasema waya, ulilegea mahali nisipopaona.

Kisha akasema polepole, bila ukali, "Ungeuangalia mapema, mwanangu, tungemzika Yona."

Nikamjibu ndiyo, mama. Ni uzembe wangu.