Upande wa Mama Mkwe

Garsen, Ijumaa, Agosti 1998

Upepo wa kusi umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi katika sukari. Jua linakaribia kuzama. Nimekataa chai, na mwanangu Komora amedhani ninaumwa.

Siumwi. Naona haya.

Mke wangu, Mama Komora, amelazwa Mombasa, na Jumanne atapasuliwa tumbo. Wiki iliyopita alituma neno kwamba hataki matunda wala kanga mpya. Anataka mashine ndogo ya kaseti, ya kusikilizia masikioni, na ndani yake sauti za nyumbani. Zaidi ya zote anataka sauti ya mama yake. Alisema hataingia katika chumba cha upasuaji kabla hajamsikia mama akimwambia aende.

Nililichukua neno hilo kuwa woga wa mgonjwa, nikalipita.

Jana nilikwenda dukani, nikachagua kwa makini kama nilivyozoea kuchagua kila kitu. Kulikuwa na wokimani nzuri iliyogeuza kanda yenyewe, lakini haikurekodi. Nyingine, nzito kidogo, ilirekodi, ila kanda iligeuzwa kwa mkono. Nikaichukua hiyo. Likabaki suala la kanda: ya dakika sitini au ya tisini.

"Chukua ya tisini, Mwalimu," muuzaji aliniambia. "Nyinyi watu wa mtoni mnasalimiana mpaka chai inapoa."

Nilichukua ya sitini, nikamjibu kwamba kanda ndefu ni nyembamba, na joto likizidi hukwama na kukatika. Ni kweli, hukatika. Lakini hiyo haikuwa sababu yangu. Niliamini kuwa watu wa nyumbani hawana maneno ya kujaza muda mrefu, na kwamba mwenye jambo la maana, yaani mimi, angetosheka na upande mmoja.

Upande mzima.

Nilianza kurekodi jana jioni, peke yangu, mlango umefungwa, hotuba yangu nimeiandaa mapema. Nilimhimiza mke wangu awatii madaktari. Nilimweleza habari za bati lililong'olewa na upepo, za mbuzi aliyezaa, za migomba iliyochipua upya baada ya mafuriko. Nilisoma zaburi. Nilitoa nasaha juu ya uvumilivu, kisha nikatoa nasaha nyingine juu ya uvumilivu. Upande wa kwanza ulipokwisha, niliridhika sana.

Leo asubuhi wengine wote wakapewa upande wa pili. Akina mama wa kanisani waliimba. Majirani wakasalimu. Hawo, mama wa Kiorma anayetuletea maziwa, aliiinamia mashine kana kwamba anachungulia kisima.

"Mama Komora, wewe rudi haraka," alisema. "Hii mzee yako anapima maziwa yangu kama dawa ya kikohozi. Hata ndama anakunywa na raha kuliko yeye."

Watu wakacheka, na kicheko chao kikaingia katika kanda pamoja na maneno yake. Mimi nilitazama saa.

Mama mkwe alifika mwisho. Alikuwa amevuka mto kwa mtumbwi, mguu mmoja umevimba, naye amejitanda kanga zake za kanisani. Nilimpa kiti, nikaketi kando, macho chini. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hamkatizi akiwa anasema. Desturi hiyo nimeishika tangu nilipooa, na nimewakemea vijana wengi wasioishika.

Akaanza kwa salamu. Alimwuliza binti yake hali ya mwili, ya usingizi, ya chakula, ya wagonjwa wenzake, ya mahali anapolala kama pana upepo. Baada ya kila swali alinyamaza kidogo, kana kwamba anangoja jibu. Alikuwa bado katika salamu mashine ilipolia tak, na kitufe kikaruka juu: kanda imefika mwisho.

Nilisikia. Yeye masikio yake ni mazito, hakusikia.

Akaendelea, kwa Kipokomo, polepole. Alimkumbusha binti yake kwamba alimzaa juu ya dungu la kuwingia ndege shambani, maji ya mto yakiwa yamewazunguka pande zote. "Maji yale hayakukuchukua," alisema. "Na kisu hakitakuchukua. Nenda, mwanangu. Mimi mama yako nimekubali." Kisha akaomba kikombe cha maji, akapiga funda moja, akaipulizia mashine matone madogo, kama wazee wetu wanavyombariki mtu.

Mimi nilifikiria kutu.

Kidole changu kilikuwa juu ya mashine wakati wote huo. Ningeweza kuitoa kanda, kuigeuza, na kuyafuta maneno yangu ili ya kwake yapate mahali. Nilijua hivyo palepale, wala si baadaye. Lakini niliifikiria hotuba yangu, nikaionea uchungu. Nikajiambia kwamba ni adabu inayonizuia kumkatiza mama mkwe.

Haikuwa adabu.

"Yameingia yote, Baba Komora?" aliuliza.

"Yameingia, mama."

Alinishukuru. Alisema binti yake aliolewa na mtu wa kweli. Kisha akashuka kuelekea mtoni akichechemea, na hata mgongo wake ulionekana umetua mzigo.

Alasiri nilivaa vile vya masikioni, nikausikiliza upande wangu. Nilitarajia kumsikia mume akizungumza na mkewe. Nilimsikia mtu akisoma tangazo. Katika maneno yote yale hakuna mahali nilipomwambia kwamba ninaogopa, kwamba kila asubuhi nateka maji ya watu wawili, kisha nayatazama.

Ninaogopa.

Nimemwita Komora, ambaye alikuwa asafiri na basi la kesho alfajiri kuipeleka mashine, nikamweleza jambo lote. "Nitapanda la Jumapili, baba," alisema. "Bado tutawahi." Kisha akaniuliza kama aninunulie kanda nyingine. Nimekataa. Hotuba yangu ifutwe, na upande wa kwanza wote uwe wa mama mkwe, ajaze kiasi atakacho. Komora akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama anisindikize kwa bibi yake.

"Hapana," nilimjibu. "Hili nililisema peke yangu."

Kesho asubuhi nitavuka mto. Sijui nitaanzaje. Desturi zetu zimempa mkwe maneno ya kuposa, maneno ya kuomba radhi akichelewa, na maneno ya kupeleka habari za msiba. Hazikumpa neno la kumwambia mama mkwe, "Nilikudanganya." Itabidi nilitamke lilivyo, na wakati wa kulitamka niinue macho, nimtazame usoni kwa mara ya kwanza, ili nione nilichomtendea.