Sakafu ya Banda la Omena

Mpendwa Min Akinyi,

Tangu asubuhi nimeinuka kitini mara nyingi kuangalia kama kompyuta uliyoniachia bado inafanya kazi. Feni inakoroma, inanyamaza, inaanza tena, nami natembea kati ya sebule na chumba chako cha kuchorea kama mtu anayengoja habari za mgonjwa. Jumatatu mjenzi anachimba msingi wa banda la kukaushia omena, wale dagaa wa ziwani, la kina mama wa kule Seme, na mchoro wako unafunguka sawasawa humu tu.

Binti yetu Akinyi alijaribu kuufungua kwenye laptopu yake mpya. Kuta zilikuja, lakini vipimo vyote vikawa alama za kuuliza, kwa sababu programu mpya haina zile herufi zako za zamani. Programu yako nayo inakataa mashine za leo. Inataka mfumo endeshi uleule, ambao waliouunda waliacha kuutunza siku nyingi. Ndiyo maana uliukatia intaneti, usije ukaingiliwa. Fundi wa kompyuta pale Kondele aliitazama mashine akacheka. "Mzee, nunua ingine. Hii hata virusi vinaihurumia."

Mvua zilizopita, ziwa lilipanda hadi kwenye kiwanja. Sakafu lazima iinuliwe, jambo tuliloligombania wewe ukiwa hai. Mimi niliitaka juu, wewe uliitaka sawa na ardhi.

"Mwalimu," uliniuliza, "umewahi kupanda ngazi na beseni la omena kichwani?"

"Na wewe umewahi kuanika omena ndani ya maji?"

"Kunywa chai, Mwalimu."

Tukaishia hapo. Haukupita muda ukaugua, ukalazwa, hukurudi nyumbani. Sasa ninatakiwa kubadilisha kazi yako nawe hupo kunikatalia. Hilo ndilo linaloninyima kukaa.

Leo nimeanza na orodha ya tabaka za mchoro. Wanafunzi wangu wa uchoraji niliwaeleza kwamba tabaka ni kama karatasi angavu: kuta kwenye moja, mabomba kwenye nyingine, ukizipanga pamoja unaona jengo zima. Ukizima moja, haionekani, lakini ipo. Moja ulikuwa umeizima. Uliipa jina AKIBISHA.

Nikaiwasha. Sakafu ikainuka kozi mbili, yaani safu mbili za mawe, na mahali pa ngazi nilizozitaka mimi pakatokea mteremko mrefu, wa kupanda taratibu na beseni kichwani.

Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika. Ulikuwa na jibu muda wote, ukaniacha nibishe!

Lakini kozi mbili hazitoshi. Nilipima mwenyewe alama ya tope kwenye ukuta wa jirani. Maji yalifika katikati ya kozi ya tatu. Nimeongeza kozi moja na kuurefusha mteremko wako usiwe mkali. Kabla ya kuhifadhi niliweka mkono juu ya kipanya, nikisubiri uniite Mwalimu kwa ile sauti yako ya kukataa. Nilisubiri sana. Kisha nikahifadhi, nikachapisha, nikampelekea mjenzi.

Kama nimekosea, mara hii hakuna wa kuniambia.

Pumzika wewe. Mimi bado.

Mume wako,
Baba Akinyi