Paking ya Sikukuu

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamka, nimewasha kirikuu, pikapu yangu ndogo ya mizigo, ikakohoa, ikawaka. Sokoni mapema. Leo nimemshinda mkusanya ushuru wa paking. Kaja na mashine yake, nikamtazama mara moja tu, akageuka bila kuchapa bili. Mjini hapa dereva asiyelipa ni mmoja, ni mimi.

Hapo nimedanganya. Nimelipa. Nimelipa na asante nikasema, na mkusanya ushuru mwenyewe ni mjukuu wangu Kabula. Nilijaribu kumwambia mimi ni babu yake. "Mume wangu," kasema mbele ya watu, "nyumbani nakujua wewe, barabarani najua namba ya gari." Nikamwambia nitamwacha, nioe mwingine. Akauliza ni nani atamtaka mwanamume mwenye kucha kama za kanga.

Kucha kweli zimekuwa ndefu. Za miguu. Mgongo haukunjiki tena mpaka huko chini. Zamani alikuwa akizikata bibi yake. Tangu bibi afariki anazikata Kabula, kila sikukuu, baada ya pilau. Ameahidi mwenyewe, sikumlazimisha. Idd iko karibu. Zitavumilia.

Jumanne, 18 Machi

Nimebeba magodoro mpaka mtaa wa Kambarage. Ngazi nyembamba, mwenye magodoro mnene. Tumefika.

Daktari kanikataza kufunga kwa ajili ya sukari, kwa hiyo uji wangu nanywea ndani ya gari, kioo nimepandisha. Masanja kaniona. Huyu anauza mchele pale ninapopaki. Msukuma wa Kishapu, Mkristo, mdomo wake hauna breki. Kagonga kioo, kasema, "Mfungo mwema, mzee mwenzangu. Bakiza." Nikampa kikombe. "Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma, akakimaliza.

Kisha akanipa habari. Wenye barabara, ile ofisi inayotoza paking, wanataka kutoza hata sikukuu. Mpaka sasa Jumapili na sikukuu ni bure. Diwani anaitisha mkutano Jumamosi asikie wananchi wanasemaje. Watu wakikubali, wataanza na Idd hii hii.

Uji uliobaki kwenye chupa sikuumaliza.

Jumatano, 19 Machi

Nimefikiri siku nzima. Sikukuu ni ya kupumzika. Mtu katoka Songwa na wanawe, kaja mjini kusali na kuwanunulia soda, unamtoza kwa kosa gani? Barabara nayo ipumzike. Hoja nzuri. Nitaisema Jumamosi, kwa sauti.

Hoja nyingine sitaisema. Wakitoza sikukuu, Kabula atakuwa barabarani mchana kutwa. Pilau nitakula na ukuta. Idd ya kwanza baada ya mke wangu kufariki, Kabula alichelewa kidogo, nikaanza kula peke yangu. Nilijikuta nahesabu maua ya kitambaa cha meza. Sitaki tena. Naogopa. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 20 Machi

Kabula kaja kufuturu. Kaleta tambi. Ana furaha, hakai chini.

Wakusanya ushuru hawana mshahara. Wanapata sehemu ya kile wanachokusanya. Sikukuu mji unafurika magari, na wao wako nyumbani wanayaangalia yanapita. Kasema Idd hii na sikukuu zinazofuata zikitozwa, atamaliza ada ya shule ya udereva. Aanze na leseni ndogo, halafu ya malori. "Nataka njia yako, babu. Ya Masumbwe."

Njia yangu ya Masumbwe. Nilikuwa nikipeleka saruji na unga kwa wachimbaji, wakati huo barabara ni tope, unalala humo humo. Kabula akiwa mdogo nilikuwa namweka mapajani, anashika usukani wa lori lililozimwa, anaunguruma kwa mdomo. Sasa anataka liungurume lenyewe.

Sikumwambia kuhusu Jumamosi. Nilimwambia chai imepoa.

Jumamosi, 22 Machi

Mkutano. Watu wengi, viti vichache. Wazee tumekaa mbele.

Masanja kasimama wa kwanza, anaunga mkono. Kasema siku ya Idd na Krismasi mtu anaacha gari mbele ya mlango wa Masanja asubuhi, anakwenda ukweni kula, anarudi jioni. Mteja anazunguka na gunia la mchele kichwani kama anatafuta msikiti. Mtu akijua saa inahesabiwa, hatakaa ukweni kutwa. Hoja nzito. Watu waliguna kwa kukubali, na mimi nilianza kutoka jasho.

Nikasimama. Nikaanza na yule mtu wa Songwa na soda. Makofi machache. Nikaona hapa bila kichekesho nimekwisha.

Nikamuuliza diwani, "Mheshimiwa, mtatoza Idd ipi? Jirani yangu wa kushoto anafuata mwezi wa Makka, anakula leo. Mimi nafuata mwezi wa hapa, nakula kesho. Huyo mwenye mashine atajuaje nani yuko kwenye sikukuu? Atachungulia sahani?" Wakacheka. Nikaongeza, "Au muajiri mtu akae juu ya paa la ofisi atazame mwezi, naye mumpe kizibao cha riflekta." Hapo watu walishikana mabega. Diwani mwenyewe kafuta machozi. Kasema wazee wameshasema, jambo hili tuliache.

Nimeshinda. Watu wamenipa mkono mpaka nje.

Masanja kanifuata, kaninong'oneza. "Wewe. Wakitoza siku zote, mwezi unahitajika wa nini? Hoja yako ilikuwa inanisaidia mimi." Nikamwambia anyamaze, mpira umeshakwisha. Nilikuwa nalijua hilo tangu likiwa mdomoni. Bahati nzuri mtu anayecheka hapigi hesabu.

Kabula alikuwa mlangoni, nyuma kabisa, kavaa riflekta yake. Nilimtafuta baadaye. Alishaondoka.

Jumatatu, 24 Machi

Kabula kapita na mashine. "Shikamoo, mzee."

Nikamwambia, "Marahaba, mke wangu, mbona umenuna?" Kachapa bili. Kanipa kwa mikono miwili, kapiga goti kidogo, kama mtu anayemhudumia mkwe. "Asante, mzee. Siku njema."

Sijawahi kutukanwa namna hii. Tangu ajue kusema, shikamoo yake haijawahi kuja tupu. Shikamoo kikongwe, shikamoo mume wangu wa mkopo, shikamoo meno mawili. Babu na mjukuu hatupeani heshima, ndivyo tulivyokuta kwa waliotuzaa. Akinipigia goti ni kwamba kanihesabu na wageni.

Masanja kaona yote kutoka kwenye magunia yake. Kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne, 25 Machi

Shikamoo mzee, tena. Goti, tena. Nilimwambia mashine yake ina sura nzuri kuliko yeye. Kasema, "Ndiyo, mzee."

Nimefuturu na redio.

Jumatano, 26 Machi

Nimemweleza Masanja. Yote, mpaka kucha.

Kacheka mpaka kashika nguzo. "Mzee mwenzangu. Umepigana na wenye barabara, umemzuia mtoto riziki yake, ili ukatwe kucha."

Si kucha tu. Lakini nikisikiliza vizuri, ni kucha. Nina aibu.

Tukakaa juu ya gunia tukafikiri. Yeye anataka mlango wake uwe wazi. Mtu wa Songwa anataka kusali bila kudaiwa. Kabula anataka magari. Tukapata hivi: sikukuu asubuhi iwe bure, watu wasali, wale, wasalimiane. Kuanzia saa saba mchana mashine zianze. Masanja kasema wazo ni lake. Nimemwachia. Ni langu.

Jioni nikaenda kwa diwani. Kanisikiliza, kanitazama kama gari lililorudishwa gereji siku ile ile. "Mzee, nimeshawapelekea jibu kwamba wananchi wamekataa. Nitawaambia nini? Kwamba wamekataa, halafu mzee mmoja akafikiri?" Kisha kasema, mimi ndiye niliyewachekesha watu, basi mimi ndiye nikasimame mbele ya watu. Ijumaa, nje ya msikiti, baada ya sala. Wakikubali mbele yake, atapiga simu hapo hapo.

Nimeomba hata Ijumaa ya wiki ijayo. Kasema Idd haimsubiri mtu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimesimama kwenye ngazi. Viatu mkononi, sikupata nafasi ya kuvaa. Kucha zote nje, mji mzima umeziona.

Nikasema nimebadilika kuhusu paking. Wakaanza. Mmoja wa bodaboda: "Babu, mwezi umeuona?" Mwingine: "Wamekununulia tairi?" Nikawaambia waende wakaziangalie tairi zangu, zina upara kunizidi, kisha waje waseme nimehongwa. Wakacheka. Mara hii kicheko kilikuwa changu, na kilichoma. Nilistahili.

Nikawaeleza ile ya saa saba. Halafu nikauchukua mwezi ule ule nikautumia upande wa pili. Nikasema wakitoza sikukuu zote kuanzia saa saba, hakuna haja ya kubishania mwezi na mwenye mashine barabarani. Tubishanie huku msikitini kama kawaida yetu. Masanja, aliyekuwa ng'ambo ya barabara na magunia yake, alipiga makofi peke yake.

Jingine sikuwa nimelipanga. Nilisema hao wenye mashine ni watoto wetu, hawana mshahara, sikukuu wanalala njaa ili sisi tupaki bure. Hapo nikajifanya nina kikohozi.

Mikono ikanyanyuka. Si yote. Ya kutosha. Diwani kapiga simu. Alasiri gari la matangazo limepita: Idd hii wanajaribu, bure mpaka saa saba, baada ya hapo kila gari lilipe. Nimelisikia nikiwa nimelala. Nimechoka kuliko siku ya magodoro.

Jumapili, 30 Machi

Jirani wa kushoto kala Idd leo. Kaniletea sahani. Nimeila. Mwezi wa kwetu jana haukuonekana, sisi ni kesho.

Masanja katoka kanisani kapitia hapa kutazama. "Nyie hata siku ya kula hamkubaliani." Kanyofoa nyama kwenye sahani yangu.

Kabula katuma ujumbe wa simu. Kesho asubuhi wanakutana kupangiwa mitaa, saa saba anaanza, yuko upande wa soko. Hatakuja nyumbani. Mwisho kaandika: Idd njema mzee.

Bado mzee.

Jumatatu, 31 Machi

Idd.

Nimesali. Nimerudi. Nimepika pilau mwenyewe, chini imeshika sufuria. Nimekaa mbele yake. Kitambaa cha meza nilikitoa tangu jana, nisije nikahesabu.

Sikula. Nikaipakua yote kwenye hotipoti, nikaifunga kwa kanga ya marehemu, nikawasha kirikuu.

Nimepaki mbele ya Masanja, saa saba imepita. Mji umejaa. Watoto wamevaa miwani ya plastiki. Nikamwona Kabula anakuja, gari kwa gari, riflekta inang'aa kuliko nguo zote za Idd. Nikashusha kioo. Nikatoa hela kabla hajafungua mdomo. Hilo halijawahi kutokea, na mashine yenyewe ilichelewa kuamini.

Kachapa. Kabandika karatasi kwenye kioo.

Nikasema, "Nimelipia saa nzima. Siti hii ya pili ni yangu mpaka iishe. Panda ule."

Kautazama mstari wa magari. Kanitazama mimi. Kafungua mlango. Kakaa, mashine mapajani, kafunua hotipoti. Kala tonge la kwanza.

"Umeiunguza, mume wangu."

Nilitazama nje kidogo, upande wa magunia.

Masanja alishamwambia, kama nilivyojua. Kila kitu. Kabula kasema kasimuliwa mpaka kikohozi cha msikitini, na Masanja kakiigiza. Ada haijatimia, lakini leo magari ni mengi, na sikukuu nyingine zipo. Nikamwambia akipata leseni kubwa nitakuwa utingo wake mpaka Masumbwe. Kasema hachukui utingo mwenye meno mawili, watu watadhani gari limepata ajali.

Katikati ya kula kuna mwanamume kapaki nyuma yetu, kaanza kulalamika kwamba leo ni Idd, haki iko wapi. Maneno yangu ya Jumamosi, neno kwa neno, na mtu wa Songwa ndani yake. Kabula kashuka kumchapia bili. Mimi nikampigia honi anyamaze.

Karudi, kamaliza ukoko. Tumekula wote kwenye mfuniko wa hotipoti, kama sahani moja.

Saa ilipoisha kagonga kioo kutoka nje kama hanijui. "Kikongwe, muda wako umekwisha. Lipa tena au ondoa takataka hii." Nimeondoka. Sijawahi kufukuzwa vizuri hivyo.

Sasa niko kitandani, jioni, viatu nimevua. Kucha zimetoboa soksi. Kabula, humu husomi, lakini nasema. Ulisema kila sikukuu, na sikukuu imepita. Mkasi uko pale pale, kwenye kikombe cha bibi yako. Njoo unikate hizi kucha, mke wangu. Hata kesho, siku ya kawaida, ukitoka kazini.