Jino la Rose

Nansio, 4 Machi 2025

Mwanangu Felicitas,

Hujambo? Sisi wazima, ila mgongo unanitesa. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Rose, mtoto wa Hellen wangu, ameanguka shuleni huko Kisesa. Jino la mbele limekufa ndani, na mzizi haujakomaa. Hellen amenieleza utafiti wenu wa meno: dawa inapakiwa kwenye vibebeo vidogo kuliko vumbi, vinaifikisha mzizini na kuiachia polepole, seli shina ziamke zijenge upya nyama ya jino. Mwingize Rose kwenye utafiti huo, mwanangu. Ni damu yako.

Shangazi yako,
Evelina

Mkolani, 11 Machi

Shangazi, shikamoo.

Pole na mgongo. Mama yangu ni mzima, ingawa hukuuliza.

Ulimchimba mdogo wangu Venant ufizi kwa spoku ya baiskeli, eti homa yake imeletwa na meno ya nailoni yaliyojificha ufizini. Yalikuwa meno yake mwenyewe, yanaota. Kidonda kikaoza, akafa. Kisha ukatangaza Nansio nzima kwamba aliuawa na maziwa ya mama, na baba akamrudisha mama kwao.

Simama kwenye jumuiya ya kanisa, mama akiwepo, useme ukweli huo. Ndipo tuongee habari za jino.

Mtoto wa kaka yako,
Felicitas

Nansio, 2 Aprili

Felicitas, salamu.

Enzi zile kila mtu alichimba. Unataka nivuliwe nguo mbele ya watu, uzee huu? Usimwadhibu mtoto kwa ajili yangu.

Shangazi

Nansio, 20 Mei

Mwanangu, hujambo?

Hukujibu, na Hellen hataki kuniambia habari za jino. Basi nimesimama. Mama yako alivuka na feri, akakaa mbele kabisa. Nilisema yote. Hakulia. Aliuliza tu ile spoku niliitupa wapi. Sikuitupa, bado iko darini kwangu.

Sasa wanawake hawaitikii salamu yangu. Mpokee Rose.

Shangazi yako

Mkolani, 27 Mei

Shangazi, shikamoo.

Rose tulimpokea barua yako ya kwanza ikiwa bado njiani. Hellen alimleta mwenyewe, akiziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake, kwa sababu naye ulimchimba. Tulikubaliana usiambiwe. Ni mapema kujisifu, ila juzi Rose alikunywa maji ya baridi, akaruka. Jino limeanza kuhisi.

Mtoto nisingeweza kumwadhibu. Wewe niliweza, na nimefurahi.

Mama anaitaka ile spoku. Panda feri uilete wewe mwenyewe, mkononi, bila kuifunga kwenye kitu.

Felicitas, dada yake Venant