Maji Niliyokunywa Nakonde

Enesi,

Kalamu imegoma mara kadhaa hapo juu, kwa sababu siku hizi nikiandika jina lako naona kama najiandikia mwenyewe. Nitakueleza. Wewe ulikuwa msemaji, mimi mwandishi tu, kwa hiyo nivumilie.

Ikinga tulikufikisha salama. Umelala jirani na bibi yako, kule juu, na ukungu haukuachia mpaka tunashuka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisema kila tukivuka mpaka wa Zambia kwenda kwa wenzetu wa shule ya Nakonde? "Jamani, kule saa iko nyuma yetu. Tukiharibu huku, tunakimbia kurekebisha kule!" Tunacheka mpaka madereva wa malori wanatushangaa. Asubuhi uliyoondoka nilisimama nje ya wodi nikawaza hivyohivyo, tena kwa dhati. Kule saa yako ilikuwa bado haijafika. Nilitaka kukimbia, Enesi. Aibu ndiyo iliyonizuia. Ningemwambia nini askari wa mpakani?

Matanga yalipoisha tukaenda Nakonde, ile ziara ya kila muhula. Mwalimu wetu alitaka jina lako lifutwe kwenye orodha ya mapacha wa shule hizi mbili, Mutale wako atafutiwe pacha mwingine wa huku kwetu. Mutale mwenyewe akaja moja kwa moja kwangu. Na mimi, unajua, sikuwahi kupewa pacha wa kule. Kwetu tulizidi kwa mmoja, nikabaki kuandika maneno ili wewe uyaseme. Akapiga magoti, akanipa kikombe cha maji kwa mikono miwili. Nilikuwa na kiu, vumbi la malori lote lilikuwa kooni. Halafu mbele za watu mimi hata "asante, nimetosheka" hainitoki. Nikanywa yote.

Sijashusha hata kikombe, wakapiga makofi, yale ya polepole, viganja vimekunjwa. Mutale akanikaribisha kwa lugha yao, "Mwaiseni, Enesi."

Sisi wa Mbozi hayo hatuyajui. Mwalimu wao ndiye aliyenieleza wakati tunaaga. Kwao mtu akifa nafasi yake haifi. Anayekunywa yale maji amelirithi jina. Ukupyana, wanaita. "Urafiki wa shule hizi tunataka waukute wajukuu zenu," alisema. "Tukifuta kila anayekufa, atabaki nani?"

Hilo halinitishi. Linalonitisha ni kwamba Mutale alipolitaja jina lako, mtu aliitika. "Abeee!" Ile yako, ya kuvuta mwishoni. Mimi funda la mwisho lilikuwa bado mdomoni.

Wote wanadhani ni mimi. Mwalimu alinipongeza njia nzima, "Leo Sekela ametoa sauti!" Nikanyamaza, kama kawaida yangu.

Tangu hapo, sijui. Juzi mama alinikuta nakula parachichi kwa chumvi. Lini nimewahi? Wewe ndiye ulikuwa na vituko hivyo. Na nikuambie kitu nisichomwambia mtu: napenda. Siku ile, kila Mutale aliponiita Enesi, mgongo ulinyooka, maneno yakaja yenyewe. Niliporudi nyumbani nikawa Sekela, ulimi ukalala tena. Naogopa siku moja nitavuka kwenda kule, halafu arudi Enesi peke yake.

Nilimfuata mama yako sokoni nikamweleza. Nilijua atanifukuza. Alikuwa anapima mchele wa Kamsamba, hakuinua kichwa.

"Uliyanywa yote?"

"Yote, mama."

"Hata yeye hakuwa mtu wa kubakiza." Akapima tena, mchele ukamwagika pembeni. "Basi nenda kaitike. Ila ukiniita mama, niite taratibu, mwanangu. Nisije nikageuka."

Ijumaa wanakuja kwetu. Mutale atasimama mbele ya shule zote mbili amwite pacha wake, na pacha ndiye anayewakaribisha wageni. Nikikaa kimya, Mwalimu atafuta jina lako palepale, na Mutale atarudi kwao hana mtu. Nimeshaandika maneno ya kuwakaribisha. Nimeyaandika kwa sauti yako, sijui kuandika kwa nyingine. Hii ni mara ya kwanza hakuna wa kumkabidhi.

Nakuahidi nitasimama. Mutale sitamwacha mpaka tumalize shule. Na siku ya kumaliza, nitampa maji msichana wa kidato cha kwanza, yule mkimya kuliko wote. Ila mimi nitamwambia kwanza ni maji ya nini.

Lala sasa, rafiki yangu. Ukungu wa Ikinga ukufunike vizuri, huku baridi imeanza. Ijumaa ukisikia jina lako, tulia, niache niitike mimi. Usinitangulie tena.

Lakini usikae mbali sana.

Ni mimi, bado Sekela.